Semina ya sayansi kwa asiye mwanasayansi: mwongozo wa mshika kipaza sauti

Kazi yangu ni sauti na picha. Kwenye kituo cha utafiti cha chuo kikuu ninakofanya kazi, mimi ndiye ninayewasha projekta, ninayembandika mtoa mada kipaza sauti kwenye ukosi wa shati, na ninayezunguka na maikrofoni ya pili maswali yanapoanza. Sina shahada ya fizikia wala ya baiolojia. Nilichonacho ni miaka mingi ya kukaa nyuma ya mitambo nikisikiliza watu wakieleza mambo ambayo hapo mwanzo sikuelewa hata kichwa cha mada. Watu wa nje hunikuta mlangoni na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi na sisi tunaruhusiwa?" Mara nyingi mnaruhusiwa, tena tangu zamani, ila tangazo liliandikwa na mtu aliyedhani kila atakayelisoma ni mwenzake wa maabara.

Ushauri wangu mkuu nauweka hapa mwanzoni. Usiende kwenye semina ukitaka kuelewa kila kitu. Hata maprofesa walioketi mbele hawaelewi kila kitu. Mimi niko nyuma yao, naona wanavyofungua barua pepe mada ikiwazidi. Nenda ukajue jambo moja: hawa watu wanajuaje hicho wanachosema wanakijua? Hilo linafuatilika bila shahada, na ukilishika litakuongoza uchague kikao gani, uandike nini na uulize nini.

Soma tangazo mpaka mwisho

Vikao vya kituo cha utafiti si vya aina moja, na wengi wanaokata tamaa walianzia pasipofaa. Mhadhara wa umma ndio mlango wa mbele: huwa jioni, hauzidi saa moja na robo hivi pamoja na maswali, na mtoa mada ameombwa kabisa asijaze hesabu ukutani. Semina ni kitu kingine. Ni kikao cha kikundi kimoja cha utafiti, watu wachache, kazi bado mbichi, na mtu anaweza kumkatiza mtoa mada slaidi ya pili kumwambia hakubaliani naye. Mgeni anakaribishwa, lakini hakuna atakayesimama kumweleza chochote.

Katikati ya hivyo viwili kuna kikao ambacho watu wa nje hawakijui, nacho ndicho nikipendacho: kolokiamu, yaani mhadhara wa idara nzima. Hapo mtaalamu wa nyota anazungumza mbele ya wataalamu wa leza na wa sumaku, na hao nao kwenye mambo ya nyota ni wageni karibu kama wewe. Kwa hiyo inambidi aanze kutoka chini. Dakika kumi na tano za kwanza za kolokiamu nzuri zina faida kuliko mihadhara ya umma mingi, kwa sababu mtoa mada hajilazimishi kuchekesha.

Vikao vya kusoma makala viache kwanza. Utetezi wa tasnifu ya uzamivu, kwa upande mwingine, uko wazi kwa umma katika vyuo vingi, na watu hawajui. Uholanzi ni sherehe kamili: mtahiniwa anahojiwa dakika 45, kisha mshika fimbo wa chuo anaingia na kutamka "Hora est", saa imetimia, na mahojiano yanakoma hapo hapo, hata kama sentensi haijaisha. Kwa mtu wa kazi yangu, aliyezoea kumpungia mkono mtoa mada aliyepitiliza muda huku naye akijifanya haoni, huo ni utaratibu wa kuonewa wivu.

Halafu kuna siku ya milango wazi, ambapo maabara zenyewe zinafunguliwa. CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walipofanya yao Septemba 2019 walipokea watu wapatao 75,000 kwa siku mbili. Vaa viatu vya kufunika miguu, visivyo na kisigino. Maabara nyingi hazimruhusu mwenye ndala kupita, na anayezuiwa getini kwa ajili ya viatu huwa na hasira sana na mlinzi asiye na kosa.

Ukishajua aina ya kikao, soma ikisiri, ile aya moja iliyo chini ya kichwa cha mada. Usihangaike na sentensi za katikati. Ya kwanza inakwambia swali ni lipi, ya mwisho inakwambia wamepata nini au wanatarajia nini. Kama hizo mbili unaweza kumsimulia mtu kwa maneno yako, hata kwa kubabaisha, nenda. Kama tangazo halisemi nani anakaribishwa, mwandikie mratibu mstari mmoja tu: "Je, kikao hiki kiko wazi kwa watu wasio wa chuo?" Usieleze maisha yako. Waratibu hufurahi kupata maswali wanayoweza kuyajibu kwa neno moja.

Angalia pia saa. Kwenye vyuo vya nchi zinazozungumza Kijerumani utakuta herufi "c.t." pembeni ya muda: maana yake kikao kinaanza robo saa baada ya muda ulioandikwa. Ikiwa "s.t.", ni muda huo huo kamili. Na huko huko usishangae mada ikiisha ukasikia watu wakigonga meza kwa vifundo vya vidole badala ya kupiga makofi. Hawajachoka, wanapongeza.

Jiandikishe hata kama ni bure. Idadi ya viti inatokana na sheria za usalama wa moto, na mimi siruhusiwi kukuachia usimame kwenye njia ya kutokea. Umekuta nafasi zimejaa? Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri kisha uje mapema usimame karibu na mlango. Vikao vya bure vina desturi moja kila mahali: wengi hujiandikisha, na sehemu yao hawatokei, kwa hiyo dakika tano kabla ya kuanza viti vyao vinagawiwa waliopo. Kuna siku chache tu ambazo ujanja huo haufai kitu. Tarehe 4 Julai 2012, CERN walipotangaza kupatikana kwa chembe mpya iliyofanana na ile ya Higgs, iliyotabiriwa na wanafizikia miongo mingi kabla, watu walikuwa wamelala nje ya ukumbi usiku kucha ili wapate kiti.

Usiku wa kabla

Nusu saa inatosha. Chukua maneno matatu ya ikisiri usiyoyajua na uyatafute. Mara nyingi moja ndilo linalobeba mada nzima, na mengine mawili ni mapambo ya fani. Ukitaka zaidi, tafuta jina la mtoa mada kwenye arXiv, hazina ya makala za fizikia, hisabati na elimu ya nyota iliyoanzishwa 1991 na inayosomwa bila malipo. Fungua makala yake ya karibuni, soma utangulizi na hitimisho, kisha zitazame picha pamoja na maelezo yaliyo chini yake. Kilichobaki hakikuhusu. Kesho yake utaziona picha hizo hizo ukutani, kwa kuwa watoa mada hawachori mpya, nawe utakuwa umeshazizoea.

Pa kukaa

Hapa niko nyumbani. Usikae safu ya kwanza: projekta inakuwa juu mno na shingo itakuuma. Usikae mwisho kabisa chini ya roshani, kama ukumbi unayo, kwa sababu sauti hapo hufifia hata mimi nifanye nini. Chukua theluthi ya katikati, kiti cha pembeni mwa njia. Unaona ukuta wote, spika zote mbili zinakufikia, na maswali yakianza mimi nakufikia bila kuvuka magoti ya watu kumi.

Ukitumia kifaa cha kusaidia kusikia, tafuta mlangoni alama ya sikio yenye herufi T. Maana yake chini ya sakafu kuna waya unaopeleka sauti ya kipaza moja kwa moja kwenye kifaa chako. Kiweke kwenye T, na kelele zote za viti na kikohozi zitapotea. Kumbi nyingi zinao waya huo na hakuna anayeusema. Niulize mimi, au mwenzangu wa aina yangu, kabla taa hazijapunguzwa.

Watu huniuliza kama kuna haja ya kufika wakati kila kitu kinarushwa mtandaoni. Nitajibu kwa mfano wa kazi yangu. Tarehe 11 Februari 2016 watafiti wa LIGO, mradi wa vipimo wa Marekani, walitangaza kwamba wamenasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko inayosafiri katika nafasi yenyewe ya ulimwengu, kutoka kwa mashimo meusi mawili (vitu vizito ambavyo hata mwanga hauponyoki) yaliyogongana umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 1.3. Mtikisiko huo, walioupata tarehe 14 Septemba 2015, ulipanda kutoka kama herzi (mitikisiko kwa sekunde) 35 hadi 250 ndani ya takriban moja ya tano ya sekunde. Hayo ni masafa ambayo sikio la binadamu linayasikia, kwa hiyo waliugeuza kuwa sauti, na tangu hapo kila anayekuja kuzungumzia mambo hayo hutuchezea sauti hiyo. Sasa, spika ya simu au ya kompyuta ndogo haiwezi kutoa herzi 35. Sehemu yote ya chini inapotea, na unabaki na mlio mfupi usio na maana. Mimi humwomba mtoa mada faili mapema na kulipitisha kwenye spika za besi. Aliye ukumbini husikia kitu kikinguruma kifuani kisha kikipanda ghafla na kukatika. Nimewaona watu waliokuwa wakisinzia wakiinua vichwa.

Saa yenyewe

Mada nyingi zina umbo moja. Dakika kumi za mwanzo ni za swali: tatizo ni nini, nani alijaribu kabla, alikwama wapi. Andika hapo. Baadaye linakuja eneo la katikati ambako mtoa mada anawageukia wenzake, anataja vifaa kwa herufi zake, na wewe unapotea. Potea kwa amani. Usitoke, usichukue simu, kwa sababu karibu kila mtoa mada hurudi: slaidi mbili tatu za mwisho zinasema tena kwa lugha nyepesi walichokipata na kilichobaki. Aliyetoka katikati huwa amelipia sehemu ngumu na kuikosa ile nyepesi.

Katika eneo hilo la kupotea kuna kazi moja unayoiweza: kusoma grafu. Grafu ikitokea, usianze na mstari unaopinda. Anza na mihimili. Wa chini unapima nini, wa wima unapima nini, kwa kipimo gani? Kama namba za wima zinakwenda 1, 10, 100, 1,000 kwa nafasi zilizo sawa, kila hatua ni kuzidisha mara kumi, na mteremko unaoonekana mdogo unaweza kuwa anguko kubwa. Ndivyo ukubwa wa matetemeko ya ardhi unavyohesabiwa: kutoka 5 hadi 6 mtikisiko unaongezeka mara 10, na nishati inayotolewa mara 32 hivi. Halafu tafuta vile vijiti vidogo vilivyosimama juu na chini ya kila nukta. Vinaonyesha kipimo kinaweza kuyumba kiasi gani. Kama vijiti ni virefu na mtoa mada amepitisha mstari wake maridadi katikati kana kwamba hakuona, una swali mkononi. Na kama vijiti havipo kabisa, una swali zuri zaidi.

Andika kwa kalamu. Mfano ninaoupenda ni wa Michael Faraday, mwanasayansi maarufu wa umeme, ambaye mwanzoni alikuwa kijana mwanagenzi wa kujalidi vitabu London. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za mihadhara minne ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya hapo London. Faraday aliandika, akachora vifaa alivyoviona, akanakili upya kwa hati safi, akajalidi kitabu kizima na kumpelekea Davy mwenyewe. Machi 1813 aliajiriwa pale kama msaidizi wa maabara. Baadaye akawa yeye anayehutubu: mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanza 1825 na inayoendelea hadi leo, aliiendesha misimu 19. Siahidi ajira. Ninachokionyesha ni utaratibu wake: aliandika haraka ukumbini, kisha akaandika tena akiwa ametulia. Ule mwandiko wa pili ndio unaokuonyesha ulichodhani umeelewa kumbe hukuelewa.

Kuhusu picha: ukiona kwenye kona ya slaidi alama ya kamera iliyokatwa kwa mstari, data hizo hazijachapishwa, na picha yako mtandaoni inaweza kumharibia mtu kazi ya miaka. Alama isipokuwepo, bado muulize mwenyekiti wa kikao.

Kuuliza

Maswali ndiyo sababu ya mimi kuipenda kazi hii, na ndiyo sababu ya kunywea dawa ya kichwa jioni. Kuna mtu yuko kila ukumbi duniani. Anapokea maikrofoni na kusema, "Mimi sina swali, nina mchango kidogo." Anampongeza mtoa mada, anawapongeza waandaaji, anaingia kwenye nadharia yake mwenyewe, na mimi nimesimama pembeni nikitafuta namna ya kuuchukua mkono wangu na kipaza changu kwa heshima. Usiwe yeye. Swali ni sentensi mbili: ya kwanza inataja ulichokisikia, ya pili inauliza. "Umesema joto la bahari linapimwa na vifaa vinavyoelea. Mnajuaje kwamba kipimajoto hakijaharibika kikiwa huko?"

Hilo swali si la kubuni. Aliuliza mzee mmoja siku tuliyokuwa na mada ya Argo, mtandao wa maboya karibu 4,000 yaliyosambaa baharini, ambayo kila baada ya siku kumi hivi huzama hadi meta 2,000 kisha hupanda yakipima joto na chumvi njiani, na hurusha taarifa kwa setilaiti. Mzee alikuwa fundi mizani maisha yake yote, na kwa fundi mizani hakuna kipimo kisichohitaji kukaguliwa. Mtoa mada aliweka chini kidhibiti cha slaidi. Akaeleza wanavyolinganisha boya moja na majirani zake na vipimo vya meli zilizopita karibu, namna kihisi cha chumvi kinavyoyumba polepole miaka ikienda, na jinsi data inavyorekebishwa baadaye na kuchapishwa upya. Muda wote wa maswali ukaishia hapo, na wanafunzi wa uzamivu ndio walioandika zaidi.

Ona kwamba mzee hakuhitaji kujua chochote kuhusu bahari. Swali la "mnajuaje" linafanya kazi kwa fani yoyote, na lina ndugu zake: ni matokeo gani yangekufanya ukubali kwamba umekosea? Kuna kikundi kingine kimepata jibu hili kwa njia tofauti? Kosa la kifaa mmelitenganishaje na jambo lenyewe?

Hilo la mwisho lina historia. Tarehe 23 Septemba 2011, katika semina pale CERN, kikundi cha utafiti cha OPERA kilieleza kwamba nyutrino (chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu) walizozipima kwenye safari ya takriban kilometa 730 kutoka CERN hadi maabara ya Gran Sasso, Italia, zilifika nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 60 hivi kabla ya muda ambao mwanga ungetumia. Habari ilizunguka dunia kwamba Einstein, ambaye kwa nadharia yake hakuna kinachouzidi mwanga mbio, ameanguka. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu kuliko vichwa vya habari: waliomba wenzao wawakague. Mwanzoni mwa 2012 ikabainika kulikuwa na waya wa nyuzi za kioo ambao haukuwa umekazwa vizuri kwenye kiungio, pamoja na hitilafu katika saa ya mfumo. Vipimo vilivyorudiwa vilionyesha nyutrino haziuzidi mwanga. Mtu wa mitambo kama mimi hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Waya usiokazwa ndio nusu ya matatizo yote niliyowahi kuitiwa. Lakini kumbuka: kilichosemwa semina ni kazi inayoendelea, na huenda wataalamu wengine hawajaipitia. Ukienda kumsimulia mtu, sema "wanasema wamepata", usiseme "imethibitishwa".

Sasa upande wa kiufundi wa kuuliza. Subiri kipaza, hata kama una sauti ya kengele. Walio mtandaoni hawakusikii bila hicho, na rekodi itabaki na ukimya kisha jibu lisilo na swali. Kishike karibu na kidevu, upana wa vidole vinne kutoka mdomoni, na ukiache hapo unapogeuza kichwa. Usikipige, usikipulizie. Kinafanya kazi, nimekiwasha mimi. Ukimaliza usinirudishie papo hapo, subiri jibu, maana mtoa mada anaweza kukurudishia swali.

Baada ya makofi

Ukiona aibu kuuliza mbele za watu, sogea jukwaani taa zikiwaka. Watoa mada wengi hubaki robo saa, na hapo ndipo wanapozungumza kwa uhuru. Tahadhari moja: kama sijamvua kipaza cha ukosi, ukumbi mzima bado unaweza kuwasikia. Nimesikia kwa njia hiyo maoni juu ya wakuu wa idara ambayo sitayarudia hapa.

Ukishindwa kumfikia, mwandikie barua pepe ndani ya siku mbili tatu, akiwa bado anakumbuka kikao. Taja mada, taja slaidi, uliza jambo moja. Usimwambatishie nadharia yako ya kurasa arobaini. Na ukipanga kutegemea rekodi, fahamu kwamba hupandishwa baada ya mtoa mada kuikubali, jambo ambalo linaweza kuchukua wiki, na vituo vingi hukata sehemu ya maswali kwa sababu waulizaji hawakutoa ridhaa ya kurekodiwa.